Kipimo cha siki kimesema chanya: nirudi hospitali au nikae kimya?

Mama Mkunga, muuguzi mkunga mstaafu wa kliniki za mama na mtoto, anajibu barua za wasomaji. Barua zimefupishwa na majina hayachapwi.

Shikamoo mama. Nina miaka 36, watoto watatu, naishi Muheza. Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wangu wa mwisho kliniki, nesi akatutangazia kwenye benchi kwamba siku ile kuna upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi, bure. Nikaingia kwa kuwa wenzangu walikuwa wanaingia. Nikapakwa siki, nikasubiri kidogo, nesi akamwita mwenzake, wakaangalia wote wawili wakiongea kwa sauti ya chini. Kisha nikaambiwa, "Mama, majibu yako ni chanya." Wakanipa karatasi ya rufaa niende hospitali ya mkoa, eti doa ni kubwa kuliko kichwa cha mashine yao. Mengine sikuyasikia tena. Karatasi nimeificha katikati ya vitenge. Mume wangu ni dereva wa lori la Zambia na Kongo, hajui lolote. Niliyemwambia ni wifi yangu tu, naye kasema nisithubutu kwenda: saratani ikishaguswa na chuma inasambaa, na lazima watanitoa kizazi. Kanipa majani ya kujifukizia na kaniambia nijisafishe ndani kwa ndimu na shabu. Shangazi yangu alikufa kwa ugonjwa huu mwaka 2019, tulimuuguza sisi wenyewe nyumbani, ile harufu mpaka leo naisikia. Mimi sina dalili yoyote. Mama, tayari nina saratani? Ni mume wangu kaniletea? Na binti yangu, ambaye hulala na mimi baba yake akisafiri, nimeshamwambukiza?
Mama wa Watatu, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kulibeba jambo hili mwezi mzima peke yako.

Kwa hayo uliyonieleza, hakuna mtu aliyekwambia kwamba una saratani, wala kipimo cha siki hakina uwezo wa kusema hivyo. Nilikifanya kipimo hicho kwa miaka, acha nikueleze nesi alikuwa anaangalia nini. Alichovya pamba kwenye siki ya asilimia 3 hadi 5, akapaka mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja huku taa ikimulika. Ngozi iliyo salama hubaki na rangi yake ya waridi. Pale ambapo seli zimeanza kubadilika hugeuka peupe kwa muda mfupi. Weupe ukiwa mzito, kingo zake zikionekana wazi, tena ukiwa karibu na lile tundu dogo la katikati, tunaandika chanya. Maana yake ni kwamba hapo pana ngozi iliyobadilika, inatakiwa itibiwe au ichunguzwe zaidi. Hata maambukizi ya kawaida au ngozi inayojiponya yenyewe huweza kuwa nyeupe, kwa hiyo wapo wanawake wengi wanaoambiwa chanya ambao wakipimwa zaidi hawakutwi na kitu cha kutisha.

Na ule mnong'ono uliokuogopesha: kipimo hiki hakitoi namba, kinategemea jicho la anayepima. Nesi makini akiona jambo ambalo hana hakika nalo humwita mwenzake aangalie pia. Walichokosea ni kukutoa mle ndani bila kukueleza. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, nawaomba: mwanamke akiwa bado amelala kitandani miguu juu, akisikia neno chanya, hasikii kingine chochote. Mwacheni avae kwanza, akae kwenye kiti, apumue, ndipo mmweleze, na mumuulize amesikia nini.

Sasa tuje kwenye chanzo. Kinacholeta mabadiliko haya ni kirusi kiitwacho HPV. Kina aina zaidi ya 100, na nyingi hazina habari na saratani. Aina mbili, ya 16 na ya 18, peke yake ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Watu wengi sana waliowahi kujamiiana, wanaume kwa wanawake, hukipata kirusi hiki wakati fulani wa maisha yao, na kwa walio wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mwenyewe kujua kwamba kilipita. Kwa wachache huganda. Kikikaa miaka, ngozi ya mlango wa kizazi huanza kubadilika, na kutoka mabadiliko hayo mpaka saratani yenyewe kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri.

Haya hatukuyajua bila gharama. Katika hospitali moja ya Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960, kulikuwa na wanawake waliokuwa na mabadiliko ya kiwango cha juu kabisa, lakini daktari akachagua kuwaangalia tu bila kuwatibu ipasavyo. Walipokuja kufuatiliwa kwa miaka 30, takribani 3 katika kila 10 walikuwa wamepata saratani. Wale waliotibiwa sawasawa, hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mimi kila nikiikumbuka hesabu hiyo moyo unaniuma kwa ajili ya wanawake wale, lakini nakupa kwa makusudi. Usome pande zote mbili. Hata wewe doa lako likikutwa ni la kiwango kikubwa, si kwamba unakufa kesho. Na ukitibiwa sasa, uwezekano wa kuepuka kabisa ugonjwa uliomuua shangazi yako ni mkubwa mno.

Shangazi yako, Mungu amrehemu, huenda alifika hospitali damu zikiwa zimeshatoka kwa miezi. Ndivyo wanavyofika wanawake wetu wengi. Tanzania hugundua wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka, hakuna saratani inayoua wanawake wengi zaidi hapa kwetu, na wengi wao hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Wewe umepimwa huna dalili. Kutokuwa na dalili usikuchukulie kama sababu ya kukaa nyumbani, maana mabadiliko haya ya awali hayaumi, hayatoi damu, hayanuki. Kipindi hiki cha ukimya ndicho tunachokitafuta tunapowaita mabenchini.

Sasa wifi yako. Simlaumu, anakupenda na anaogopa. Hilo la kwamba saratani ikiguswa inasambaa nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Watu wamemwona jirani akienda hospitali, akakatwa kinyama, akafa baada ya miezi michache, wakaunganisha. Kilichomuua ni kuchelewa. Ugonjwa ulikuwa umeshatembea kabla ya chuma kumgusa. Kuchukua kinyama cha kupima hakusambazi kitu.

Kuhusu kutolewa kizazi, ngoja nikueleze kwa nini umepewa rufaa, kwa sababu naona hilo hukulisikia. Kliniki nyingi za wilaya zina kifaa cha kutibu siku hiyo hiyo. Kuna kile cha kugandisha, tunachokiita tiba mgando, na kuna cha kuunguza kwa joto, kinachobanwa juu ya doa kwa muda usiofika hata dakika moja na nusu. Vyote viwili vina kichwa cha duara. Doa likiwa pana kuliko kichwa hicho, au likiwa limeingia ndani ya tundu, huwezi kulifunika lote, na kuacha kipande nyuma ni sawa na kutotibu. Ndiyo maana wakakuelekeza kwa daktari mwenye kifaa kingine.

Huko mkoani, wakiona inafaa, watatumia waya mwembamba ulioumbwa kama kitanzi, unaopitishiwa umeme. Utalala kama ulivyolala kliniki. Utachomwa sindano ya ganzi kwenye mlango wa kizazi wenyewe. Itabana kama tumbo la hedhi, kisha itatulia. Utasikia mashine ikinguruma, ile ni ya kuvuta moshi. Daktari atapitisha waya na kutoa kipande chembamba cha ngozi ile iliyobadilika. Kitendo chenyewe ni dakika chache, na siku hiyo hiyo unarudi nyumbani. Kile kipande kinawekwa kwenye kichupa chenye dawa na kupelekwa maabara. Kizazi chako kinabaki mahali pake, hedhi itaendelea, tendo la ndoa litaendelea, na ukitaka mtoto wa nne unaweza kumbeba. Ila ukishika mimba mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki kwamba uliwahi kukatwa kwenye mlango wa kizazi, kwa sababu uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo, naye atakuangalia kwa ukaribu.

Ndimu na shabu, mwanangu, acha leo. Ndimu ni tindikali, shabu hukausha na kuchubua, na mvuke wa majani unaweza kukuunguza. Hakuna hata kimoja kinachofika kwenye kirusi, maana kimejificha ndani ya seli. Utakachopata ni michubuko na maambukizi, kisha daktari akikuta pamevimba atakupa dawa kwanza na kukuambia urudi baadaye. Niseme na hili maana nimelikuta kwa macho yangu: wapo wanawake ambao wakisikia kwamba kipimo ni cha siki, wanapita dukani kununua chupa wakajipake wenyewe nyumbani. Siki haitibu. Inaonyesha tu, kwa muda mfupi, na inahitaji mtu anayejua anachokitazama.

Panga siku ambayo huna hedhi. Siku mbili kabla usikutane kimwili na usiingize chochote ukeni. Kunywa chai, usiende na njaa. Vaa gauni pana au beba khanga, chukua pedi, kadi yako, na ile karatasi iliyo katikati ya vitenge. Uliza gharama kabla ya kuanza, na kama huna uwezo, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo hiyo, kazi yake ni pamoja na watu wenye shida ya malipo. Ukitaka daktari mwanamke, omba bila haya. Na kabla hujaondoka, uliza majibu ya kinyama yatatoka lini, utayafuata dirisha lipi, na andika namba ya simu ya idara hiyo, kwa sababu majibu mengi ya wanawake hukaa kabatini bila kuja kuchukuliwa.

Baada ya hapo utatokwa na majimaji, au uchafu wa rangi ya kahawia, kwa wiki kadhaa. Ni kidonda kinapona. Usiingize pamba wala vidole, usijisafishe ndani, na usikutane kimwili kwa wiki nne hadi sita, au kadiri daktari atakavyokupangia. Damu ikitoka nyingi kuliko hedhi yako, ukapata homa, uchafu wenye harufu kali au maumivu makali chini ya kitovu, rudi siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kisha baada ya miezi 12 unapimwa tena. Hiyo tarehe iandike kwenye kadi ya mtoto, ambayo najua huwezi kuipoteza.

Kuhusu mume wako. Unauliza kama ni yeye aliyekuletea. Hakuna kipimo kinachoweza kujibu hilo. Kirusi hiki huweza kulala mwilini miaka mingi bila kuonekana, kikaja kujitokeza baadaye. Unaweza kuwa umekipata kabla hujamjua, au kwake, naye akawa amekipata kabla hajakujua. Usimfanyie kesi kwa kazi yake ya lori kwa ushahidi wa doa jeupe.

Lakini mwambie, kwa sababu utahitaji wiki hizo za kutokutana, na mwanamke anayekataa bila kueleza hujitengenezea matatizo mengine. Usimwambie kwa simu akiwa barabarani. Akirudi, ameoga, amekula, mwambie hivi: "Baba watoto, nilipimwa kliniki, wamekuta ngozi ya mlango wa kizazi imebadilika. Hawajasema ni saratani, wanataka kuitibu isije ikawa saratani. Kirusi chenyewe karibu kila mtu hukipata na hakuna ajuaye kilitoka kwa nani. Nitahitaji tukae wiki kadhaa bila kukutana." Kisha nyamaza, mwache aulize. Kama humwamini kwamba atakusikiliza, mwambie nesi, atakubali kuongea na nyinyi wawili. Na kama unaogopa atakupiga, nenda akiwa safarini, upone kwanza; mwili ni wako.

Binti yako hujamwambukiza. HPV hii huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi ya sehemu za siri, hasa wakati wa kujamiiana. Shuka, taulo, choo, sahani, kulala naye kitanda kimoja, vyote havina shida. Hairithiwi pia. Kama ana kati ya miaka 9 na 14, soma barua ya mwisho ya safu hii.

Nenda kabla wiki haijaisha, na mchukue wifi yako mwende naye. Akae nje kwenye benchi, aone wanawake wanaingia na wanatoka wakitembea kwa miguu yao.

Habari za kazi Mama Mkunga. Mimi ni fundi magari hapa Mbeya. Mke wangu alipima hospitali binafsi, cheti kimeandikwa ASC-US na chini yake HPV chanya, ameambiwa arudi akaangaliwe kwa darubini. Tumeoana miaka tisa. Mimi sijatoka nje ya ndoa, kwa hiyo nashindwa kulala nikiwaza kwamba yeye katoka. Naomba unielekeze nipimwe wapi ili ukweli ujulikane. Tena tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili.
Fundi, Mbeya

Mwanangu Fundi, kipimo unachokitafuta hakipo. Hakuna kipimo cha kawaida cha HPV kwa wanaume kinachotumika hospitalini, na hata ungepimwa ukakutwa huna, bado kisingekuambia mkeo alikipata lini. Kirusi kinaweza kuwa kilikuja na mmoja wenu kabla hata ya posa, kikalala miaka hiyo yote tisa. Hakuna daktari anayeweza kusoma tarehe kwenye cheti kile, na mimi sitakubali utumie karatasi ya maabara kumhukumu mwanamke ambaye hivi sasa, nina hakika, anaogopa kuliko wewe.

Zile herufi ASC-US zinasema kwamba seli zilizookotwa kwenye mlango wa kizazi hazifanani kabisa na za kawaida, lakini pia hazijaonyesha mabadiliko ya wazi. Ni ngazi ya chini kabisa katika majibu yasiyo ya kawaida. Kwa kuwa HPV imeonekana, wanataka kuangalia kwa karibu. Darubini yenyewe husimama nje ya mwili, haiingizwi. Daktari anakuza anachokiona, anapaka siki, na akiona pa kutilia shaka anachukua kinyama kidogo. Wengi wa walio kwenye ngazi hiyo huambiwa warudi baada ya muda, na mwili unakuwa umeshamaliza kazi yake.

Mtoto wa pili: kirusi hiki hakizuii mimba. Ila ni vizuri darubini itangulie, kwa sababu mabadiliko ya awali mara nyingi hayatibiwi mama akiwa mjamzito, husubiriwa ajifungue. Akigundua ameshashika mimba kabla ya siku ya darubini, amwambie daktari mapema.

Kama unataka kufanya kitu, fanya haya. Funga gereji siku hiyo umsindikize. Kama yeye au wewe mnavuta sigara, acheni, maana sigara humpa kirusi nafasi ya kuganda. Kondomu hupunguza maambukizi ingawa haizuii yote, kwa kuwa haifuniki ngozi yote. Kama hujatahiriwa, tohara nayo hupunguza. Hilo lilionekana kwenye utafiti mkubwa wa Rakai, Uganda, kwa wanaume na kwa wake zao pia. Na ukiona vinundu kwenye sehemu zako za siri nenda ukaangaliwe, ingawa mara nyingi vile huletwa na aina ya 6 na ya 11, ambazo si hizi za saratani. Mwombe radhi mkeo kama ulishaanza kumuuliza maswali.

Shikamoo mama. Naishi na VVU tangu 2014, natumia dawa vizuri, kipimo cha wingi wa virusi kinasema havionekani. Mwaka jana nilifanyiwa tiba mgando kwenye mlango wa kizazi. Sasa CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, wananiambia nirudi kupimwa tena, na baada ya hapo tena. Jirani yangu asiye na VVU alipimwa mara moja akaambiwa akae miaka kadhaa. Ina maana matibabu yangu yalishindikana na hawataki kuniambia?
Kahama

Marahaba. Hapana mama, hawakufichi kitu. Kila mwanamke aliyetibiwa hurudi baada ya mwaka, na mwenye VVU akikutwa salama hurudi tena baada ya mwaka mwingine kabla ya kuingia kwenye ratiba ya kawaida. Sababu ni kwamba kinga iliyodhoofishwa na VVU huchelewa kukifukuza kirusi cha HPV. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa mara sita zaidi wa kupata saratani hii kuliko asiye na VVU, na kama hatumii dawa, ile safari ya miaka 15 hadi 20 inaweza kufupika ikawa 5 hadi 10. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wenye VVU waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, na wengine 30.

Wewe unayemeza dawa zako na virusi havionekani, umeshajipunguzia mzigo mkubwa. Endelea. Siku ya kuchukua dawa CTC ndiyo uombe na kipimo hiki, safari moja. Na kama kituo chenu kina kipimo cha HPV cha kujichukulia mwenyewe, usikiogope: unapewa kijiti chenye pamba, unaingia chooni au nyuma ya pazia, unakiingiza ukeni, unazungusha polepole, unakirudisha kwenye kichupa chake. Wanawake wengi waliokuwa wanakimbia kitanda wamekubali kupimwa kwa njia hiyo. Wakikukuta na kirusi, watakuita waangalie mlango wa kizazi, usishtuke ukiitwa. Damu ikitoka baada ya kujamiiana au katikati ya mwezi, hiyo usisubiri tarehe ya kadi.

Mama Mkunga, habari. Binti yangu ana miaka 11, shule yao ya hapa Dodoma wanachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama mwenzangu kanitumia sauti kwenye WhatsApp, inasema ni mpango wa kuwazuia watoto wetu kuzaa, na kwamba zamani ilikuwa sindano mbili sasa moja kwa sababu dawa imeonekana mbaya. Nimkatalie?
Mama Binti, Dodoma

Usimkatalie. Chanjo hii haina kirusi hai ndani yake, imetengenezwa kwa kitu kinachofanana na ganda la nje la kirusi, mwili ukajifunza kulitambua. Haigusi mayai wala kizazi. Kinachoharibu uzazi wa wanawake ni saratani yenyewe, kwa sababu ikishakomaa ndipo tunalazimika kutoa kizazi au kupiga mionzi. Nawaza wale wanaosambaza sauti zile, na ninawasihi: kabla ya kubonyeza kutuma, nendeni siku moja mkakae kwenye wodi ya wagonjwa wa saratani hii.

Ni kweli zilikuwa sindano mbili. Tanzania ilipoanza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, na walichomwa mbili, ya pili baada ya miezi sita. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sababu ni utafiti, na sehemu ya utafiti huo ilifanyika hapa hapa kwetu, Mwanza, kwa wasichana 930: waligawanywa wa dozi moja, mbili na tatu, wakafuatiliwa, na miaka miwili baadaye karibu wote waliopata dozi moja bado walikuwa na kinga dhidi ya aina ya 16. Kenya nao walifanya utafiti wao wa dozi moja kwa wasichana wakubwa kidogo, ikakinga vizuri. Dozi moja inatosha, na inawafikia watoto wengi zaidi.

Tunataka apate akiwa bado hajaanza mahusiano, kwa kuwa chanjo huzuia kirusi kisiingie, kilichokwishaingia haikitoi. Hilo halimfundishi uhuni. Siku ya kuchanjwa ale kabla ya kwenda shule, avae sare yenye mkono unaopandishika, na umwambie mkono utauma siku moja au mbili. Wengine huona kizunguzungu kwa sababu ya hofu ya sindano, kwa hiyo akae robo saa baada ya kuchomwa. Kadi yake itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, maana akifika miaka 30 atapimwa kama wengine, chanjo haizuii aina zote. Na wewe mama, hukuniandikia kama umeshapimwa. Siku utakayompeleka, uliza wanapima siku gani.